Walimpima Aida, Wakamuuliza Mkwewe

Ukungu wa Nanyala, hapa Mbozi, bado haujanyanyuka juu ya mibuni, na Aida tayari amelowa hadi magotini. Mbele yake mashine ya kumenya kahawa inanguruma na kutema maganda mekundu kwenye mfereji. Anayazoa kwa sepetu, anajaza karai, anajitwika. Anapanda kilima hadi kwenye shimo la mbolea, anamwaga, anashuka tena.

Maganda ya jana yamechacha. Yananuka mpaka machozi yanatoka, na nzi wamemfuata kichwani kama walioajiriwa pamoja naye.

Chini kidogo, karibu na kitalu, wanawake watano wamekaa kwenye mkeka wanachagua mbegu za kupanda. Wanatoa zilizopasuka, zilizoliwa na wadudu, zilizokosa umbo. Ni kazi safi, ya kukaa, ya mazungumzo. Hadi mwaka jana, 1953, aliyewafundisha kazi hiyo alikuwa Aida.

“Alikuwa na jicho, sikufichi,” anasema Rubeni, nyapara wa kitalu. “Mbegu alizochagua yeye zilikuwa zinaota kitalu kizima.”

Sasa mbona anazoa maganda?

Rubeni anatazama pembeni. “Mgumba hashiki mbegu, bwana. Wala si mimi niliyesema. Wanawake wenyewe walikataa kukaa naye mkeka mmoja.”

Basi msomaji, tuelewane mapema. Usisome habari hii ukidhani ni habari ya ugonjwa. Aida hana ugonjwa. Ana miaka ishirini na tano, ana mikono yenye nguvu, na ana jina alilobandikwa na watu ambao hawakumuuliza hata swali moja. Mwandishi wenu amekaa na watu hao mmoja mmoja, na kila alipotoka kwa mmoja alitoka na hasira zaidi.

Aida ni Mnyamwanga, mzaliwa wa Tunduma, nyumba yao iko karibu kabisa na mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini. Aliolewa Mbozi kwa ndoa ya kanisani na Lusubilo, kijana wa Kinyiha, miaka mitano iliyopita. Mume huyo anafanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu huko Saza. Huja nyumbani Krismasi, Pasaka, na pengine mara moja tena akipata ruhusa. Akija hukaa siku chache, huyo amerudi zake.

Miaka ikapita bila mtoto. Mama mkwe, Nesta, akaanza kusema. Alisema kisimani, alisema kanisani mlangoni, alisema shambani akiwa na jembe mkononi.

“Mwanangu ametoa ng’ombe, nimepata nini?” Nesta alimwambia mwandishi huyu bila kupepesa macho. “Mke anakula, analala, anaamka. Mjukuu hakuna.”

Mwandishi akamkumbusha kwamba mwanawe yuko Saza karibu mwaka mzima.

“Wenzake hawako Saza?” akajibu. “Wake zao mbona wanazaa?”

Hivyo ndivyo Aida alivyopelekwa hospitali. Si kubwa, ni hospitali ndogo iliyojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mashamba. Ina daktari mmoja wa Kizungu, na wakati huo ilikuwa na dresa mmoja aliyekuwa akifunga vidonda, akigawa dawa na kumtafsiria daktari maneno ya wagonjwa. Dresa huyo anaitwa Boazi.

Boazi ni mdogo wake marehemu baba yake Lusubilo. Kwa Aida, maana yake ni baba mkwe.

Asiyejua mambo ya huku aelezwe. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni. Hasemi naye, hataji jina lake, wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Hiyo ni heshima, na watu wa Mbozi wanaishika wawe wamebatizwa au hawajabatizwa. Mambo ya mwezini ndiyo kabisa. Mwanamke akiwa katika siku zake hatii chumvi kwenye chakula cha wengine. Humwita mama aliyekwisha kukoma kuzaa amtilie. Wanaume wanakula, wanaona nani kaitwa kutia chumvi, wanajua, wananyamaza. Hakuna anayetamka.

Sasa mchukue mwanamke huyo, mlaze kitandani hospitalini, umwekee baba mkwe wake awe mkalimani. Jamani!

“Nilipomwona amesimama pale na koti lake jeupe, nilijifunika kanga kichwa kizima,” anasema Aida. Tunazungumza wakati wa mapumziko, amekaa mbali na wenzake, anakula kiazi. “Yeye akageukia ukuta. Daktari akasema maneno, yeye akajibu. Daktari akasema tena, akajibu tena. Mimi nimelala pale. Hakuna aliyenigeukia. Nikadhani wanazungumza habari za dawa.”

Hazikuwa habari za dawa. Daktari alikuwa anauliza jambo moja, na jambo hilo ndilo lililobeba kila kitu: damu yako ya mwisho ilianza lini?

Ili ujue uzito wa swali hilo, msikilize Fides. Huyu ni nesi, mwenyeji wa upande wa Kamsamba, aliyeletwa hospitalini hapo miezi michache baada ya mambo haya. Ana sauti ya juu, na anapoeleza jambo hupenda kukushika mkono ili usikimbie.

“Tumbo la uzazi lina ngozi laini ndani,” anasema. “Watu wanafikiri ngozi hiyo iko vilevile mwezi mzima. Wapi! Inabadilika kila wiki. Damu ikikatika inabaki nyembamba sana. Halafu inaanza kunenepa taratibu. Wakati huo inajenga tu, haijaweka kitu ndani, kama ghala uliyosimamisha kuta na mahindi hujaleta.”

Kisha, anasema, katikati ya mwezi yai la mwanamke linatoka, na kazi inageuka.

“Hapo ngozi inaanza kutengeneza chakula. Kuna vijitundu ndani yake, vinajaa ute. Ute huo una sukari, na una protini, ile ile inayojenga mwili, unayoipata kwenye maharage na maziwa. Protini za wiki ya kwanza si za wiki ya mwisho. Mtoto akija anakuta mezani kumeandaliwa. Asipokuja, vyote vinabomoka na kutoka, ndiyo damu yenyewe. Halafu unaanza upya.”

Daktari akitaka kujua kama mwanamke anatoa mayai, huchukua kipande kidogo cha ngozi hiyo katika wiki ya mwisho, kabla damu haijaja. Anakipaka rangi, anakitazama kwa hadubini. Akiona ute umejaa, mambo ni mazuri. Akiona kuta tupu wakati ambao ute ulipaswa kuwepo, anasema tumbo haliivi.

Umeona? Kipande chenyewe hakisemi kitu mpaka ujue ni cha wiki gani. Na wiki inajulikana na mtu mmoja tu duniani, mwenye tumbo.

Boazi hakumuuliza mwenye tumbo.

Mwandishi alimkuta Boazi nyumbani kwake, mzee mpole wa maneno machache, Biblia imefunikwa kitambaa mezani. Hakukana chochote.

“Ningemuulizaje?” alisema. “Yule ni mke wa mwanangu. Nimwambie mke wa mwanangu, damu yako lini? Ningetembea wapi tena?”

Lakini daktari ulimjibu, baba.

“Daktari anataka jibu. Ukinyamaza anadhani huelewi Kiingereza.”

Jibu ulilitoa wapi?

Boazi akakuna kidevu. Alieleza kwamba kabla ya siku hiyo kulikuwa na msiba nyumbani kwa marehemu kaka yake. Bibi yake Lusubilo, mama yake Nesta, alikuwa amefariki. Siku ya maziko wanaume walikula pale, na Boazi aliona Aida akimwita jirani mzee aje atie chumvi. Akahesabu moyoni: aha, mkwe yuko mwezini. Basi daktari alipouliza, Boazi alimtajia siku ya maziko. Daktari akaitumia kupanga siku ya kuchukua kipande.

Kosa liko hapo, na ni kosa ambalo asingelifanya mwanamke yeyote wa kijiji kile. Maana Aida siku ile ya maziko hakuwa mwezini kabisa. Aliacha chumvi kwa sababu yeye ndiye aliyemwosha marehemu. Mwanamke aliyeosha maiti naye hatii chumvi, mpaka siku ya watu kuoga kumaliza msiba. Na ni nani aliyeingia kumwosha marehemu wa kike, wanaume hawaambiwi. Ni shughuli ya ndani, mlango umefungwa.

Wanawake wote waliokuwa jikoni walijua. Boazi alikuwa uani.

Damu ya Aida ilikuja baadaye sana, kiasi cha wiki mbili baada ya maziko. Kwa hiyo daktari alipochukua kipande akiamini yuko wiki ya mwisho, Aida alikuwa ndiyo kwanza amemaliza siku zake karibuni. Ghala ilikuwa kuta tupu, kama ilivyotakiwa kuwa. Daktari akatazama kwenye hadubini, akatikisa kichwa, akamwambia Boazi: huyu tumbo lake haliivi.

Boazi akamwambia Nesta. Nesta akawaambia watu wa kisimani. Watu wa kisimani wakawaambia wa kitaluni. Rubeni akamtoa Aida kwenye mbegu akampa sepetu.

“Na mimi nikaambiwa mwisho,” anasema Aida. Kiazi amekiweka chini, hamu imemwisha. “Tena sikuambiwa. Nilifika asubuhi kazini, nikataka kukaa, Ikupa akavuta mkeka. Nikamwambia, we Ikupa, una nini leo? Akasema, nenda kamuulize mkweo. Nimuulize mkwe! Ananiambia hivyo anajua siwezi.”

Alilia?

“Nililie nini? Nilikasirika. Nililia nyumbani, usiku, Nesta asinisikie.”

Na hapa mwandishi anaomba radhi kwa maneno makali. Mwili wa nani ulikuwa umelazwa pale? Ukuta ulitazamwa, daktari alitazamwa, hadubini ilitazamwa. Mtu mzima mwenye akili zake, anayetambua mbegu iliyokufa kwa kuigusa tu, alifunikwa kanga akasemewa kama mtoto mchanga. Tunaiita heshima. Heshima gani hii inayomwacha mtu akioza na maganda?

Mambo yangeishia hapo kama Aida asingekatwa na sepetu mguuni mwezi wa pili mwaka huu. Alikwenda kufungwa kidonda, akamkuta Fides. Mwanamke kwa mwanamke, mlango umefungwa, maneno yakatoka.

“Nilimuuliza, dada, daktari alijuaje kwamba siivi?” anakumbuka Aida. “Akanieleza habari ya ghala. Nikamsimamisha. Nikamwambia, ngoja. Siku ile wananikata mimi nilikuwa nimetoka kumaliza juzijuzi tu. Vitambaa vyangu vilikuwa bado havijakauka kwenye kamba.”

Fides anasema alimaliza kwanza kufunga kidonda. Kisha akavua aproni, akaenda moja kwa moja kwa daktari.

Daktari, kwa haki yake, hakubisha. Alisema basi tupime upya. Mwandishi alipomuuliza kwa nini hakuhakikisha mara ya kwanza, alishangaa swali lenyewe. “Nina mkalimani,” alisema. Akaongeza kwamba hakujua mkalimani ana undugu na mgonjwa. Anaishi Mbozi mwaka wa sita.

Safari hii Fides ndiye aliyetafsiri, na Aida aliitaja siku yake kwa kinywa chake. Wakasubiri wiki inayotakiwa. Kipande kikachukuliwa, kikapakwa rangi. Daktari akamwita Aida mwenyewe aje atazame.

“Niliweka jicho pale nikaona rangi ya zambarau na waridi,” anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu. “Vitu vimejipinda, kama mzizi wa mche uliopandwa vibaya ukakunjika. Nikaogopa, nikasema, ndiyo hivyo nimeharibika? Fides akacheka. Akasema ndivyo vinavyotakiwa vijipinde, vimejaa ute. Akasema, Aida, umeandaa meza.”

Aida hakuwa na tatizo lolote. Hakuwa nalo tangu mwanzo.

Ungedhani wangechinja mbuzi. Thubutu! Nesta alipopelekewa habari alisema daktari anayesema hivi leo na vile kesho ni kigeugeu, na yeye ameshika neno la kwanza. Rubeni alisema atafikiria. Ikupa bado anavuta mkeka.

Na jambo lingine, zito zaidi, likajitokeza. Tangu mwanzo kabisa daktari alisema wote wawili waje, mke na mume, maana mume naye hupimwa, tena upimaji wake ni rahisi na hauumizi. Boazi alilifikisha neno hilo kwa Lusubilo, maana kwa mwanaume mwenzake haya haikumzuia. Lusubilo akasema hana ruhusa ya kazi.

Mwandishi alimpata Lusubilo wiki iliyopita, amekuja kutoka Saza kwa ajili ya shauri. Ni kijana mwenye sura nzuri na kikohozi cha vumbi la mgodini. Hana chuki.

“Mimi Aida nampenda,” alisema. “Lakini mama ananisema, wajomba wananisema. Nitafanyaje?”

Ukapimwe, bwana.

Akaangalia viatu vyake. “Hayo nani kakwambia?”

Daktari.

“Mimi mwanaume, nipimwe nini?” Kisha, kwa sauti ya chini: “Halafu ikionekana ni mimi?”

Hilo ndilo swali pekee la kweli alilosikia mwandishi huyu katika nyumba ile. Lakini mwenye kuliuliza alikwisha kukubali mkewe alipie jibu.

Maana shauri liko mbele ya baraza la mwene, yaani chifu, Jumatatu ijayo. Ukoo wa Lusubilo unadai ng’ombe wao warudi na Aida arudi Tunduma, kwa hoja moja tu, kwamba ni mgumba na hospitali imethibitisha. Shahidi wao ni Boazi. Baraza likikubali, jina hilo litavuka na Aida mpaka kwao, na atakufa nalo. Hakuna atakayemwoa mwanamke aliyeitwa mgumba barazani.

Luka, kaka yake Aida, amefika kutoka Tunduma. Kwa desturi yeye ndiye wa kusema, kwa kuwa Boazi atakuwepo na Aida haruhusiwi kufungua kinywa mbele yake. Luka amejiandaa. Ni mchuuzi wa samaki wakavu, mwepesi wa maneno, na ana hasira za kutosha.

Aida amemkatalia.

“Nilimwambia, kaka, asante, lakini kaa,” anasema. “Nimesemewa mara moja, nimeona faida yake.”

Mwandishi akauliza atafanyaje na mwiko.

Kuna njia, na kila mtu Mbozi anaijua ingawa wachache wanaitumia wakiwa bado vijana. Mke wa mwana anayetaka kuondoa mwiko kati yake na baba mkwe humpelekea jembe jipya, mbele ya watu. Baba mkwe akilipokea, tangu hapo wanaweza kutazamana na kusemezana. Kawaida wanawake hulitoa wakishazeeka, wakiwa na wajukuu.

Aida anamwongoza mwandishi hadi nyumba ya Fides, ambako amehifadhi kitu chake. Anatoa chini ya kitanda, anafunua kaniki. Ni jembe la mhunzi wa Kinyiha, jeusi, halijagusa udongo. Amelinunua kwa ujira wa maganda.

“La kwanza nitawaambia siku damu yangu ilipoanza,” anasema. “Nitaitaja kwa jina lake, mbele ya wazee. La pili nitauliza, mume wangu anapimwa lini? Basi. Sina zaidi.”

Fides, aliyesimama mlangoni, anauliza kile ambacho mwandishi alikuwa anaogopa kuuliza: na Boazi asipolipokea?

Aida anafunga kaniki, anakaza fundo.

“Nitaliweka chini, miguuni pake,” anasema. “Halafu nitasema vilevile.”